Binti yangu mazoezi ya Fizikia anapata yote, mtihani anafeli: nimzuie mdogo wangu anayemfanyia?

Dada mshauri, habari za kazi.

Mimi ni fundi umeme hapa Morogoro, nina mke na watoto watatu. Barua hii inamhusu mkubwa wao, binti aliye Kidato cha Pili katika shule ya kutwa. Naomba usitaje jina langu kwa sababu ndugu zangu nao wanaisoma safu hii.

Binti yangu alimaliza darasa la saba vizuri. Sayansi ndilo lilikuwa somo lake. Alikuwa akirudi nyumbani anashika koleo langu la kukatia waya na kunionyesha egemeo liko wapi, mzigo uko wapi na jitihada iko wapi. Alipoingia sekondari masomo yakawa kwa Kiingereza, na Fizikia ikaanza kumsumbua. Mimi mwenyewe shule niliiachia Kidato cha Pili. Ufundi niliupata kwa kumfuata fundi mzee saiti. Nyaya nasuka, hitilafu naitafuta mpaka naipata, lakini yale yaliyo kwenye daftari la mwanangu siwezi kuyaandika.

Jioni moja aliniletea swali: pasi ya wati 1,150 imechomekwa kwenye umeme wa volti 230, tafuta mkondo. Nikamwambia hapohapo kwamba hiyo inavuta ampea tano. Akaniuliza nimepataje. Nikamwambia hii ndiyo kazi yangu. Akasema, "Baba, mwalimu anataka njia." Sikuwa na njia ya kumwandikia. Akachukua simu ya mama yake, akampigia baba yake mdogo.

Huyo mdogo wangu yuko chuo kikuu. Tangu baba yetu afariki mimi ndiye ninayemlipia chumba na kumtumia ya chakula. Kuanzia siku ile, binti akipewa zoezi analipiga picha na kumtumia, na muda si mrefu majibu yanarudi yameandikwa vizuri, hatua kwa hatua. Yeye ananakili. Mdogo wangu anaifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Aliwahi kuniambia, "Kaka, mimi sina cha kukulipa, niache nimsaidie huyu."

Daftari la mazoezi sasa limejaa vema. Mtihani wa muhula alipata 23 kati ya 100. Mwalimu wake aliniita, akaniwekea mezani daftari na karatasi ya mtihani, akaniambia nijionee mwenyewe. Niliweza kulielewa swali moja aliponitafsiria: gari linaanza likiwa limesimama, kasi yake inaongezeka kwa kiwango kilekile, na baada ya sekunde 8 limefikia kasi ya mita 20 kwa sekunde. Limekwenda umbali gani? Binti aliandika mita 160, akapigwa mkasi. Kwenye daftari, swali la aina hiyohiyo amelipata lote.

Nilipomwambia mke wangu kwamba tuache kutuma picha, alinijibu kuwa asiyepeleka zoezi anachapwa, sasa je, nataka mtoto achapwe? Na alama za mazoezi nazo zinahesabiwa. Yeye anaona mtoto amalize mtihani wa upimaji wa Kidato cha Pili, kisha aiache Fizikia aende mchepuo wa sanaa, kila mtu na kipaji chake. Binti mwenyewe anasema anataka kuwa muuguzi. Nilimuuliza kwa nini haulizi darasani, akasema aliwahi kuuliza, wenzake wakamcheka, na tangu hapo hajanyoosha mkono.

Nikimzuia mdogo wangu, ataona nimedharau kitu pekee anachoweza kutupa. Nikimwacha aendelee, mwanangu anafika kwenye mtihani mikono mitupu. Tuisheni ipo, ila ni ya jioni na ina gharama zake. Nifanye nini?

Baba wa binti wa Kidato cha Pili, Morogoro

JIBU

Kaka yangu, ahsante kwa kuniandikia, na ahsante zaidi kwa kuniandikia swali lenyewe la mtihani na jibu aliloandika mtoto. Wazazi wengi huniletea alama tu, na alama peke yake hainiambii kitu.

Nikikuelewa vizuri, unajiona umesimama kati ya watu watatu unaowapenda. Binti yako anapata vema kwa kazi isiyo yake. Mdogo wako analipa fadhila kwa njia ambayo huenda inamdhoofisha mtoto. Mkeo anataka kumkinga mwanawe na fimbo na aibu, naye mkeo ameshaanza kuamini kwamba Fizikia si ya mtoto huyu. Lakini nimeona na jambo la nne ambalo umelipita haraka, ile jioni mtoto alipokwambia mwalimu anataka njia. Nahisi ilikuuma. Nitalirudia.

Tukae kidogo kwenye ile mita 160. Gari lingekuwa linakwenda mita 20 kila sekunde tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sekunde 8 lingemaliza mita 160 kamili. Hesabu ya binti yako, kwa hiyo, ni sahihi, ila ni ya gari jingine. Gari la kwenye swali lilianza likiwa limesimama. Kasi yake ilipanda kwa mita 2.5 kwa sekunde, kila sekunde, na ile 20 ilipatikana mwishoni tu. Kasi ikipanda sawasawa namna hiyo, wastani wake ni katikati ya sifuri na 20, yaani 10. Zidisha kwa sekunde 8, unapata mita 80. Ni nusu ya alichoandika.

Sasa tazama alipokwama. Kuzidisha anajua. Kwamba umbali unatokana na kasi na muda, anajua. Alichopita bila kukiona ni yale maneno machache yanayosema gari lilianza likiwa limesimama. Pengine hakuyaelewa kwa Kiingereza. Pengine aliyaelewa, ila hakujua kwamba hapo amepewa namba, kwamba kusimama maana yake kasi ya mwanzo ni sifuri. Pengine muda ulikuwa unamkimbiza. Ni lipi kati ya hayo? Mimi sijui, wewe hujui, na hata mdogo wako na usomi wake hajui, kwa sababu picha ikimfikia tu, anayeanza kufikiri ni yeye. Hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa pembeni ya huyu mtoto akamwona anavyolianza swali mwenyewe na wapi kalamu inasimama.

Ndiyo maana nasita ninaposikia kwamba Fizikia imemshinda. Inawezekana. Lakini ushahidi mlionao unaonyesha mtoto ambaye maswali yake yamekuwa yakijibiwa na mtu mwingine, na mtoto wa namna hiyo angepata 23 hata kama akili yake ni kali. Kunakili kuna udanganyifu wake: jibu lililoandikwa vizuri linaeleweka ukilisoma, kila mstari unakubali, unafunga daftari ukiamini umejua. Kwenye mtihani hakuna mstari wa kwanza. Kuutafuta huo ndiyo kazi yenyewe, na hiyo hajaifanya muda mrefu.

Turudi kwenye ile pasi. Uliposema ampea tano ulisema kweli, na njia unayo, ila imekaa mikononi. Wati ni volti mara ampea. Wati 1,150 ukizigawanya kwa volti 230 unapata ampea 5. Swali likiendelea kutaka ukinzani wa pasi, ni volti 230 kugawanya kwa ampea 5, omu 46. Hiyo ndiyo kanuni ya Ohm iliyomo kwenye kitabu chake. Wewe unazitumia hesabu hizi unapokataa kumfungia mteja hita kubwa kwenye waya mwembamba wa taa, kwa sababu unajua mkondo ukiwa mkubwa ule waya utachemka. Na pasi hiyohiyo, ikipasha saa nzima bila kujizima, itakula uniti 1.15 za Luku. Mtoto aliyekuwa anatafuta egemeo kwenye koleo lako anaweza kuyaona haya yote ukimpeleka mbele ya mita ya nyumbani kwenu.

Kwa hiyo naomba tulihoji lile wazo kwamba huwezi kumsaidia kwa sababu uliishia Kidato cha Pili. Kumpa majibu ni kweli, mengi hutaweza. Lakini anayekaa pembeni halazimiki kujua majibu. Mwambie akusomee swali kisha akueleze kwa Kiswahili nini kinatokea humo, kama anasimulia kisa. Kama hawezi kukisimulia, tatizo liko kwenye kusoma, na hapo hata fomula mia hazitasaidia. Akiweza, muulize amepewa nini na kila namba ni ya kipimo gani, mita, sekunde, wati. Halafu anatafuta nini. Mchoro mdogo unasaidia sana: gari hapa, gari pale, kasi hapa sifuri, kasi pale 20. Fomula ije baada ya hayo. Watoto wengi huanza kwa kutafuta fomula yenye herufi zinazofanana na walichopewa, na ndivyo mita 160 zinavyozaliwa.

Akipata jibu, hapo ndipo unapohitajika zaidi ya mdogo wako. Muulize kama linaingia akilini. Akikuletea pasi inayovuta ampea 264,500, utajua mara moja kwamba alizidisha pale alipotakiwa kugawanya, na utamwambia hakuna waya Tanzania nzima utakaobeba hiyo. Kwenye swali la gari, mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa. Gari dogo linaweza kufika hapo kwa sekunde 8. Basi lililojaa likitoka stendi ya Msamvu haliwezi. Mtoto anayezoea kuuliza hivyo hujikamata mwenyewe kabla mwalimu hajashika kalamu nyekundu.

Hatari ya njia hii ni uchovu. Unarudi saiti jioni, mtoto naye kachoka, na swali moja likifanywa hivi linaweza kula nusu saa. Ukiingia na hasira, au ukigeuka askari wa kukagua simu, ataanza kukuficha. Unakumbuka unavyomfundisha kijana wako wa kazi: unamwachia bisibisi mkononi, unamwangalia, na unanyamaza hata pale vidole vyako vinapowasha kutaka kumnyang'anya. Kwa mwanao ni vigumu zaidi. Chagueni swali moja tu la kufanya pamoja, lile analoliona jepesi, si lile linalomtisha.

Nije kwa mdogo wako. Unaogopa kwamba ukimzuia ataona umemdharau. Lakini je, ni lazima iwe kumzuia au kumwacha? Yale maneno yake, kwamba hana cha kukulipa, ni ya kijana anayetaka kuwa na faida kwenu. Inawezekana hajui kabisa habari ya 23. Je, umemwonyesha karatasi ya mtihani? Sisemi umpelekee kama mashtaka. Mwonyeshe swali la gari, mwambie mtoto aliandika hivi, halafu muulize yeye msomi anaonaje. Nadhani atakuwa wa kwanza kuona kinachotokea. Kutoka hapo anaweza kuendelea kusaidia kwa namna nyingine: badala ya picha, binti amtumie ujumbe wa sauti akieleza amefika wapi na amekwama wapi, naye ajibu kwa swali, au atatue swali linalofanana lenye namba nyingine na amwachie lake. Inachukua muda zaidi, na ataingia kwenye mitihani yake mwenyewe, kwa hiyo kuna siku atachoka na kutuma jibu zima. Hilo litatokea. Ukimkatia ghafla kabisa, tegemea binti ahamie kwenye daftari la rafiki, au atafute majibu mtandaoni, na huko hutamwona tena.

Mkeo naye ana hoja na nisingependa ipuuzwe. Kama mtoto anachapwa kwa kutopeleka zoezi, basi ananakili kwa woga, na woga hauondoki kwa mawaidha yenu ya nyumbani. Hapo kuna kazi ya kuzungumza na mwalimu. Nimempenda kwa kukuita na kuweka karatasi mbili mezani, angeweza kunyamaza. Unaweza kwenda kumwambia ukweli kwamba daftari hili lilisaidiwa, na kumwomba kwa muda fulani apokee zoezi la binti yako hata likiwa nusu, mradi nusu hiyo ni yake. Alama za daftari zitashuka. Mwalimu anaweza kukubali, anaweza pia kusema ana wanafunzi wengi na hawezi kumtenga mmoja. Kabla hujaenda, mwambie binti kwamba unakwenda na utasema nini. Akishtukia baba yake amemfichua, utakuwa umepoteza zaidi ya alama.

Kuna lile la kuchekwa. Umeliandika kwa mstari mmoja, mimi limenikaa moyoni. Mwaka 1963, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aitwaye Erasto Mpemba, katika shule ya sekondari Magamba, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka Dar es Salaam, mhadhiri wa fizikia Denis Osborne, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne alirudi chuoni akalijaribu swali lile, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala juu yake. Hadi leo wanasayansi wanabishana kwa nini hutokea, na kama hutokea kila mara. Msimulie binti yako. Si kwamba lazima awe Mpemba. Nataka ajue tu kwamba mtoto wa hapahapa nchini aliwahi kuchekwa kwa swali la Fizikia, akaliuliza tena. Na kama kunyoosha mkono bado ni kuzito kwake, anaweza kumfuata mwalimu baada ya kipindi, akiwa na swali limeandikwa kwenye karatasi.

Tuisheni sitaisema sana. Ikiwa ni ya kutatua maswali ubaoni na wanafunzi kunakili, mtakuwa mmelipia kilekile anachokifanya mdogo wako bure, na juu yake mtoto wa kike anarudi gizani. Ikiwa mwalimu wake ana kundi dogo na anawaacha wanafunzi wahangaike kwanza, hapo pana maana. Nenda ukatazame kipindi kimoja kabla ya kulipa.

Halafu mchepuo. Kwenda sanaa si kushindwa, na wapo wengi waliokwenda huko kwa kupenda, wakafanya vizuri. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba binti ametaja uuguzi. Vyuo vya uuguzi huangalia ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia kwenye matokeo ya Kidato cha Nne. Sina hakika kama mkeo analifahamu hilo, au kama binti mwenyewe analifahamu. Kabla hamjabishana ninyi wawili, ulizeni chuoni masharti ya sasa, kisha mkae na binti mumwambie bila kumtisha: mlango huu unataka hiki, na kukiacha kunaufunga kwa namna hii. Akisema bado anataka kuiacha Fizikia, msikilizeni sababu zake. Huenda uuguzi aliutaja tu kwa sababu mlimuuliza. Akisema anautaka kweli, basi mna miezi kadhaa kabla ya mtihani wa upimaji ya kumwona akilianza swali kwa mkono wake, na mtakapofika kwenye uchaguzi mtakuwa mnajua mengi zaidi ya hiyo 23.

Mazungumzo hayo yafanyike mwisho wa wiki, mama yake akiwepo, na simu ya mama iwe mbali. Mwanzo mzuri ni kumwomba akufundishe kuandika ile njia ya pasi, kwa maana jibu lake unalo tayari.